Mgodi Ulioachwa Hujaa Maji

Katika darasa letu moja la kisomo yuko mzee aliyejifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu. Jioni moja tulikuwa na zoezi la kuandika barua. Mzee akaweka kalamu chini, akaniuliza:

"Mwalimu, nyuma ya shamba langu kuna duara la dhahabu. Tulilichimba zamani, tukaliacha likiwa kavu kabisa. Juzi nimetupa jiwe mle ndani, nikasikia chubwi! Maji hayo kayatia nani?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile lilikuwa kubwa.

"Mzee wangu," nikamjibu, "nipe wiki moja nikasome. Nitakuletea jibu."

"Haya, mwalimu. Lakini usichelewe. Kijana wangu anachimba duara jipya karibu na hapo."

Nilikwenda kusoma. Niliyoyapata yanahusu zaidi migodi ya makaa ya mawe, kwa sababu huko ndiko mambo haya yameandikwa sana. Lakini maji ni yale yale, na shimo ni shimo. Basi tujifunze pamoja.

MGODI WA MAKAA YA MAWE

Makaa ya mawe si makaa ya kuni. Ni miti na majani ya zamani sana. Yalianguka katika mabwawa, yakafunikwa na udongo, yakakandamizwa kwa mamilioni ya miaka mpaka yakawa jiwe jeusi linalowaka. Hukaa ardhini kwa matabaka, kama magodoro yaliyopangwa moja juu ya jingine. Hapa Tanzania makaa ya mawe yako sehemu za kusini, kama vile Kiwira na Ngaka.

Tabaka likiwa karibu na juu, watu huondoa udongo na kuchimba wazi. Likiwa chini sana, huchimba njia ya kushuka, kisha hukata makaa humo ndani. Mara nyingi hawakati yote. Huacha nguzo za makaa ili paa lisianguke. Mgodi ukiisha, chini hubaki vyumba na njia, pengine kwa kilometa nyingi. Juu watu hulima na kuchunga ng'ombe. Baada ya miaka, wengi husahau kabisa kwamba chini ni uwazi.

MAJI YANATOKA WAPI?

Mvua ikinyesha, maji hugawanyika. Mengine hukimbilia mtoni. Mengine hukauka kwa jua au hunywewa na mimea. Yanayobaki huzama ardhini. Hupita kati ya chembe za mchanga na ndani ya nyufa za mwamba. Hushuka polepole mpaka mahali ambapo kila ufa na kila tundu limekwisha kujaa. Mahali hapo pa juu panapoanza kujaa tunapaita usawa wa maji ya ardhini.

Ninyi mnaochimba visima mnapajua. Unachimba udongo mkavu, unachimba, halafu udongo unaanza kuwa na unyevu. Ukiendelea, maji yanajikusanya chini ya miguu yako. Hakuna aliyeyatia. Yalikuwapo. Wewe umeyafungulia mlango tu.

Mwenye kisima hufurahi. Mchimba madini hukasirika, maana maji ndiyo adui yake. Humjia kwa njia 3:

1. Hupita kwenye nyufa za mwamba. Uchimbaji wenyewe huongeza nyufa, kwa sababu paa likishuka, mwamba wa juu hupasuka.

2. Hupita kwenye mashimo ya zamani, au hutoka mtoni na ziwani kama mgodi uko chini yake.

3. Hutoka katika mgodi mwingine wa jirani ulioachwa ukajaa maji. Hii ndiyo njia ya hatari kuliko zote, kwa sababu maji huja yote kwa mara moja.

Ndiyo maana mgodi wenye maji huwa na pampu. Pampu hufanya kazi usiku na mchana. Zinayatoa maji, na usawa wa maji ya ardhini unashuka mpaka chini ya miguu ya wachimbaji.

PAMPU ZIKIZIMWA

Sasa siku inafika, mgodi unafungwa. Wafanyakazi wanaondoka, na pampu zinazimwa. Je, maji yatasimama? Hayasimami. Yanaendelea kuingia kama kawaida, ila sasa hakuna anayeyatoa. Yanapanda chumba kwa chumba, njia kwa njia. Pengine yatachukua miezi, pengine miaka mingi. Mwisho yanarudi karibu na usawa wake wa zamani, au yanapata tundu lililo chini zaidi na kutokea nje kama chemchemi.

Hilo, ndugu wasomaji, ndilo jibu la swali la kwanza la mzee. Maji hayakutiwa na mtu. Yamerudi nyumbani kwao. Mgodi ulioachwa haukai mtupu. Hugeuka kuwa tangi kubwa chini ya ardhi, tangi ambalo halionekani.

NGUVU YA MAJI

Hebu chukua debe kuukuu. Toboa tundu moja karibu na juu na jingine karibu na chini. Lijaze maji. Utaona tundu la chini linarusha maji mbali zaidi, kwa sababu maji ya juu yanayakandamiza ya chini.

Tufanye hesabu. Kila mita 10 za kina cha maji husukuma kwa uzito wa karibu kilo 1 kwenye kila sentimita mraba 1. Tuchukue mlango wenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Mlango huo una sentimita mraba 20,000. Kama juu yake kuna maji ya kina cha mita 30, kila sentimita mraba inasukumwa na kilo 3. Zidisha: kilo 60,000, yaani tani 60. Ni sawa na mzigo wa malori 6 ya tani kumi kumi yanaegemea mlango mmoja!

Sasa fikiri mchimbaji anayekata mwamba na upande wa pili kuna maji ya namna hiyo. Ukuta ukiwa mnene, utastahimili. Ukiwa mwembamba, utapasuka.

MTOBOZANO WA QUECREEK

Wachimbaji wa tanzanite kule Mererani wana neno lao, mtobozano. Ni pale njia ya mgodi mmoja inapotoboa na kuingia katika mgodi mwingine. Mtobozano wa kawaida huleta ugomvi. Mtobozano na mgodi uliojaa maji huleta kifo.

Usiku wa tarehe 24 Julai 2002, kwenye saa 3 hivi, wachimbaji 18 walikuwa ndani ya mgodi wa makaa ya mawe wa Quecreek, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Walikuwa makundi mawili ya watu tisa tisa. Jirani kulikuwa na mgodi wa zamani uitwao Saxman, uliofungwa miaka ya 1960. Wachimbaji walijua kwamba upo. Lakini ramani yao ilionyesha kwamba uko mbali, kiasi cha mita 90.

Ghafula mashine ya kukata makaa ikatoboa ukuta. Maji yakaja kwa kishindo. Inakadiriwa kwamba lita milioni 190 au zaidi ziliingia katika mgodi huo.

Watu wa kundi la mbele walifanya jambo la busara kwanza. Walipiga simu ya mgodini kuwaonya wenzao wa kundi la pili. Wale 9 walioonywa wakatoka wakipita ndani ya maji, wakapona. Lakini wale 9 walioonya hawakuweza kutoka. Maji yalikuwa yamekwisha kuwatangulia na kuziba njia. Wakarudi nyuma, wakapanda mahali palipoinuka kuliko pengine ndani ya mgodi. Walikuwa chini ya shamba la ng'ombe wa maziwa, kina cha mita 73 hivi.

Maji yakazidi kupanda. Wakajifunga pamoja kwa waya, wasipotezane. Wakaomba kalamu kwa aliyekuwa nayo, wakaandika barua kwa wake zao na watoto wao. Barua hizo wakazitia katika ndoo yenye mfuniko ili maji yasiziharibu.

Ndugu wasomaji, hapo nilisimama kidogo nikafikiri. Watu wale walipoona maisha yamefika mwisho, kitu walichokitaka kilikuwa kalamu na karatasi.

KIKOMBE NDANI YA KARAI

Juu, waokoaji walipima mahali pa kutoboa. Wakachimba tundu dogo lenye upana wa sentimita 15. Alfajiri ya tarehe 25 tundu likafika kwa watu. Waokoaji wakagonga chuma cha kuchimbia. Kutoka chini wakajibiwa kwa kugongwa. Baadaye iligongwa mara 9. Maana yake: tuko watu 9, na sote tuko hai.

Waokoaji wakasukuma hewa nyingi ya moto kupitia tundu lile. Kwa nini? Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua kikombe kitupu, kigeuze mdomo chini, kisha kizamishe wima ndani ya karai la maji. Maji hayajazi kikombe. Hewa iliyomo inayazuia. Vivyo hivyo, hewa iliyosukumwa kwa nguvu iliyazuia maji yasiwafikie wale watu, na joto lake liliwasaidia wasife kwa baridi. Wakati huo huo pampu nyingi ziliwekwa kuyatoa maji mgodini.

Kisha wakaanza shimo kubwa la kumpitisha mtu, upana wa sentimita 76. Njiani ncha ya mashine ikavunjika, ikanasa shimoni. Saa nyingi zikapotea kuitoa. Wakaanza na shimo la pili pembeni, wasikate tamaa. Usiku wa tarehe 27 shimo la kwanza likafika. Wakateremsha kikapu cha chuma chenye upana kama wa pipa la mafuta. Mtu wa kwanza alitoka kama saa 7 usiku, kuamkia Jumapili tarehe 28 Julai. Wa mwisho alitoka saa 9 kasorobo. Wote 9 walikuwa hai. Walikaa chini kwa muda wa saa 77 hivi.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Kosa halikuwa mashine wala uvivu. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walisema kwamba chanzo kilikuwa ramani. Ramani iliyotumika haikuwa na tarehe, wala haikuwa imethibitishwa. Haikuonyesha machimbo ya mwisho ya mgodi wa zamani. Yaani watu wa Saxman waliendelea kuchimba baada ya ramani ile kuchorwa.

Ramani iliyo kamili zaidi ilikuja kupatikana baadaye katika jumba la makumbusho la Windber, katika jimbo lile lile. Karatasi ilikuwapo. Haikuwa mikononi mwa waliohitaji kuisoma.

Si wote waliopata bahati ya Quecreek. Tarehe 21 Machi 1973, katika mgodi wa Lofthouse huko Uingereza, wachimbaji walitoboa machimbo ya karne ya 19 yaliyojaa maji. Watu 7 walikufa, na ni maiti 1 tu iliyopatikana. Uchunguzi ulionyesha kwamba habari za machimbo yale ya zamani zilikuwa zimeandikwa, zikahifadhiwa, lakini hazikutumika. Mwaka 1979 nchi hiyo ikatoa kanuni maalumu za kuzuia maji kuvamia migodi.

Huko India, tarehe 27 Desemba 1975, maji ya machimbo ya zamani yaliingia katika mgodi wa Chasnala karibu na mji wa Dhanbad. Watu zaidi ya 370 walikufa.

Siku hizi wataalamu wana kanuni mbili kubwa. Kwanza, acha ukuta mnene wa mwamba kati ya mgodi mpya na wa zamani. Pili, usikate kabla ya kupima. Toboa tundu jembamba mbele yako kwanza, uone kama litatoa maji.

MAJI YENYE KUTU

Maji ya mgodi ulioachwa yana ubaya mwingine. Ndani ya makaa na mawe yake mara nyingi kuna madini ya chuma na salfa. Mgodi unapochimbwa, hewa huyafikia madini hayo, nayo huanza kuoza kama chuma kinavyopata kutu. Maji yakipanda huyayeyusha. Hapo maji hupata chuma kingi, na mara nyingine huwa makali kama tindikali. Yakitokea mtoni, mto hugeuka rangi ya kutu. Samaki hufa na wadudu wa majini hutoweka.

Usidanganywe na weupe wa maji yakiwa bado shimoni. Chuma kikiwa kimeyeyuka hakionekani. Rangi huja maji yakikutana na hewa.

Uingereza ina mahali zaidi ya 70 pa kusafishia maji ya migodi ya makaa ya mawe iliyoachwa. Maji huteremshwa kwenye ngazi ili yapate hewa, kisha hutulizwa mabwawani, kutu izame chini. Mwisho hupitishwa polepole katikati ya matete. Kazi hii haiishi, maana mvua haiishi.

Lakini maji hayo yana faida pia. Chini ya ardhi huwa na joto kidogo. Katika mji wa Gateshead, Uingereza, tangu mwaka 2023 maji ya migodi ya zamani yanatolewa kiasi cha mita 150 chini, na joto lake linatumika kupasha moto nyumba wakati wa baridi. Maji yenyewe hurudishwa chini.

SISI JE?

Utasema, "Mwalimu, sisi hatuna migodi mikubwa." Ni kweli. Lakini tunayo maduara, mashimo ya mchanga, mashimo ya mawe na visima vilivyoachwa. Nayo maji yameua watu hapa kwetu. Mwezi Machi 2008 mvua kubwa ilijaza mashimo ya Mererani, na makumi ya wachimbaji wakafa. Pale maji yaliingia kutoka juu. Lakini shimo halimuulizi mtu maji yamepita wapi.

Basi tushike mambo haya:

1. Usichimbe kuelekea shimo la zamani, hata kama wote wanasema ni kavu. Lilikuwa kavu lilipoachwa.

2. Ukuta wa duara ukianza kutoa jasho au kuchuruzika maji mahali palipokuwa pakavu, toka na watoe wenzako. Usiseme, "Nimalizie kidogo."

3. Usishuke katika shimo lililoachwa kuchota maji au kutafuta mali. Hewa ya mle inaweza kuwa mbaya, nayo huua kimya kimya. Mwenzako akianguka mle, usimfuate bila vifaa. Ita watu.

4. Maji ya shimo la madini yasinywewe mpaka yapimwe na wataalamu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi madini.

5. Zungushia shimo uzio imara wa miti au miiba. Watoto na ng'ombe hawajui historia ya shimo.

6. Andika. Hili ndilo kubwa.

DAFTARI LA MASHIMO

Wiki iliyofuata nilirudi darasani. Nikawasomea habari hizi. Mzee alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwalimu, lile duara letu halikushuka tu. Chini tulikata njia kuelekea machweo, upande wa mti mkubwa. Tuliokuwa mle tulikuwa watu 5. Nimebaki mimi peke yangu."

Darasa zima likanyamaza. Kijana wake alikuwa anachimba upande ule ule wa machweo.

Kesho yake asubuhi tulikwenda, mzee akiwa mbele na fimbo yake. Akatuonyesha njia ile ilikopita chini. Tukahesabu hatua kutoka pale hadi duara jipya. Zilikuwa 14. Kijana alitazama chini, akamwambia baba yake, "Mbona hukuniambia, baba?" Mzee akajibu, "Hukuniuliza, nami sikujua kama maji hurudi." Siku ile ile kijana akasimamisha kazi. Tukapeleka habari kwa serikali ya kijiji.

Sasa darasa lina daftari. Kila shimo la zamani lina ukurasa wake. Tumeandika jina la mahali, mwaka lilipochimbwa, kina chake, njia zake za chini zinaelekea wapi, na hatua ngapi kutoka mti au jiwe linalojulikana. Chini tunaandika tarehe na jina la aliyetoa habari. Nakala moja iko ofisi ya kijiji. Mzee ameandika ukurasa wa duara lake kwa mkono wake mwenyewe. Ulimchukua jioni mbili.

Ndugu msomaji, kijijini kwenu nani anakumbuka mashimo ya zamani? Mwendee wiki hii na kalamu yako. Mali bila daftari huisha bila habari, na shimo lisiloandikwa huwangoja wajukuu.

MANENO MAGUMU

Duara: shimo la wachimbaji wadogo wa madini.
Mtobozano: mgodi mmoja kutoboa na kuingia katika mwingine.
Tindikali: kitu kikali cha majimaji kinachokula chuma na kuunguza.
Usawa wa maji ya ardhini: mahali ambapo, kuanzia hapo kwenda chini, nyufa na matundu yote yamejaa maji.
Waokoaji: watu wanaowatoa wenzao katika hatari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mgodi ulioachwa ukiwa mkavu hujaa maji baadaye?
2. Wachimbaji 9 wa Quecreek walifanya jambo gani kabla ya kujiokoa wenyewe?
3. Ramani iliyotumika Quecreek ilikuwa na upungufu gani?
4. Kwa nini maji meupe ya shimo la madini yasiaminiwe?
5. Hesabu: ukuta una sentimita mraba 10,000. Upande wa pili kuna maji ya kina cha mita 20. Ukuta unasukumwa na kilo ngapi? (Jibu: kilo 20,000.)
6. Zoezi la kikundi: andikeni ukurasa mmoja wa shimo moja la kijijini kwenu. Msisahau tarehe.